Vidole Viwili

Muhumba, alfajiri. Ziwa halijaamua rangi.
Kamba ya kupimia nimeifunga kwenye jarari,
nimeipandisha hadi kileleni mwa mlingoti,
na Zihalirwa anaishusha ncha yake
mara mtumbwi wa kushoto, mara wa kulia.
"Vidole viwili," anasema.
"Mlingoti umeinama kama mlevi wa Kadutu."
"Kadutu iache. Nimezaliwa huko."

Tunalegeza waya huku, tunakaza kule.
Tunapima. Vidole viwili,
sasa upande wa pili.

Tangu Jumatatu tunapima,
na tangu Jumatatu tanga kuu lina mkunjo
unaoshuka kutoka mlingotini hadi kona ya nyuma,
kama uso wa mtu anayeficha deni.
Nimelivuta chini. Nimebadilisha fito.
Jana wale wa Nguba walitupita
wakimenya ndizi.

M'Cibalonza anateremka na beseni kichwani:
"Kamba yangu ya nguo mtairudisha lini?
Na muiangalie, ikilowa inarefuka."

Zihalirwa anatazama ncha mkononi mwake,
inadondosha maji.
Mimi natazama mlingoti
tulioupinda siku sita kwa bidii.

Tukapima kwa waya mkavu.
Tukarudisha kila skurubu ilikotoka,
kimya, kama watu wanaorudisha mali ya wizi.

Upepo wa Idjwi ulipofika, saa nne na kitu,
tanga lilijaa bila mkunjo, bila kelele,
mtumbwi wa kulia ukaanza kunyanyuka majini.

"Basi mlevi alikuwa kamba," akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika usukani,
nikitafuta wale wa ndizi.