Mshika Waya

Kazi yangu ni kuwatia watu maneno midomoni.
Pale Pasua, nyuma ya duka la mama Ndosi,
mabenchi tisa, turubai la buluu dirishani,
mia tano mkubwa, mia mbili mtoto.
Wageni wa kila nchi huniingilia bubu
wakatoka wanaongea Kiswahili cha Moshi.
Nimemwapisha jenerali kwa mbege ya Kibosho.
Nimemfanya malkia agombee nyama ya mtori.
Na siri ya kazi ni hii: nusu ya Kiingereza siijui.

Jumamosi ile ilikuwa filamu ya familia.
Hakuna bastola. Kuna mama, baba, mbwa mzee,
na mvulana mwenye uso ambao Mungu,
nikasema kwenye maikrofoni,
aliuacha jikoni akaenda kupokea simu.
Benchi la bodaboda likavunjika mbavu.
Nikaongeza: kiazi kilichoparuliwa na kuku!
Wakapiga miguu chini.
Kicheko ndicho mshahara wangu, sikatai.
Mvulana alikuwa ananawa. Kioo kilikuwa mbele yake,
naye alitazama bomba tu.
Hilo niliona, nikalipita.

Chini, karibu na soketi, alikaa Ndeskoi,
mtoto wa dada yangu, mwaka wa tisa huu,
mshika waya wangu:
plagi ikilegea, yeye huikandamiza kwa kandambili.
Mdomo wake ulizaliwa na mlango wazi.
Wakaushona KCMC, wakaushona tena,
na mshono umebaki pale
kama njia ya mchwa, toka mdomoni hadi puani.

Hakulia. Afadhali angelia.
Aliinua kiganja polepole, akafunika mdomo
kama mtu anayezuia chafya kanisani.

Nikakosa neno.
Mvulana akafumbua kinywa kwenye skrini
na hakikutoka kitu.
"We DJ, umelala?"
"Tia maneno, tumelipa!"
Sauti yake mwenyewe, ile ninayoishusha kila siku
mpaka inabaki mvumo wa nzi ndani ya chupa,
mkono wangu ukaipandisha.
Ilikuwa sauti ya mtoto, basi. Inatetemeka.
Ukumbi mzima hakuna aliyeielewa.

Ndipo kutoka sakafuni, kwa sauti inayopitia puani:
"Anasema shule hataki kwenda."
Kiingereza hanizidi huyu.
"Anasema, wakinitazama wote,
mimi nitazame wapi?"
Mtu akacheka, si kwa maneno, kwa ile sauti,
kisha akajikuta anacheka peke yake.

Ningependa kusema nilimpa maikrofoni.
Sikumpa.
Niliyachukua maneno yake, nikayasema kwa koo langu,
laini, kama mwizi mwenye adabu,
na wale wa bodaboda wakanyamaza,
na mama Ndosi akasahau kudai hela ya soda,
na mwisho walipotoka wakanipa mkono mimi:
DJ, leo umetisha.

Tulikunja turubai wawili.
Vumbi la barabara ya Njoro lilikuwa limelala,
kitimoto kinanukia upande wa pili.
Akahesabu kwa vidole.
"Mjomba, mistari saba ilikuwa yangu."
Nikatoa elfu moja. Akaitazama, akaipokea.
"Na ile ya kiazi, itoe."
Nikasema nimeitoa.
"Na ile ya jikoni."
Ile, Mungu anisamehe, nilikuwa naipenda.
Nikaitoa.

Kesho wameomba filamu ileile.
Nimeishusha stendi ya maikrofoni
mpaka usawa wa kifua changu,
nikapima kwa jicho, nikaishusha tena kidogo.
Kandambili zangu nimezileta.
Waya nitashika mimi.