Sifuri Hadi Kumi

Siku ya kwanza nilipanga vikombe mezani kwa mtendaji wa kijiji,
thelathini na viwili, vya bluu, vyenye mistari ya robo lita,
na fomu, na penseli nilizozichonga Dodoma mjini
kwa sababu wino, alisema msimamizi, hukauka ukifika Bahi.

Swali lilikuwa moja, asubuhi na jioni:
Kwa jumla, leo unajisikiaje,
sifuri ikiwa vibaya kabisa, kumi ikiwa huna unalotamani?
Kundi la kwanza wapewe maji matamu, lita mbili kwa siku.
La pili waendelee na yao ya kisima cha pampu,
yanayoacha ukungu mweupe kwenye sufuria.

Mzee Ndahani alisema: Andika nane.
Jioni, nane. Kesho yake, nane.
Nikamwambia, mzee, ruksa kubadilisha.
Akasema: Mtu amefika kwangu na karatasi, nimwambie nina tatu,
halafu hiyo tatu akaisimulie wapi?

Matika aliuliza kama kumi ni ya mwaka mzima au ya leo.
Ya leo tu.
Akatazama anga, lisilo na wingu hata la kumdanganyia mtoto.
Basi tano. Lakini usikandamize penseli.

Mimi mwenyewe sikuwa nakunywa.
Saa moja na nusu juu ya bodaboda kutoka lami, vichaka vya magotini,
choo cha ofisi kina kufuli na mwenye ufunguo yuko msibani:
mwanamke hujifunza kuhesabu mafunda.
Saa nane mchana kichwa kinatwanga
na mimi nauliza watu wanajisikiaje.

Sechelela alikuwa namba kumi na tisa, kundi la maji matamu.
Kwa Kigogo jina hilo ni amri: furahi.
Siku ya kwanza, tatu. Ya pili, tatu. Ya nne, sita.
Ya saba, saba na nusu. Nusu hairuhusiwi,
lakini aliidai kama chenji yake.

Nikapiga mstari chini ya namba.
Nikamwuliza: Ukiyanywa, mwili unabadilika vipi?
Akacheka mpaka akashika kizingiti.
Kuyanywa? Yale simezi hata tone.
Mama mkwe anamezea dawa, yanayobaki napikia mlenda.
Mimi nina yangu ya chumvi, tumeshazoeana.

Sasa hiyo saba imetoka wapi?

Nalala, akasema.
Zamani saa tisa usiku nilikuwa korongoni na kata,
nafukua mchanga, nangoja maji yajikusanye
kama anayemngoja mdaiwa atoke ndani.
Siku hizi ikifika saa tisa nageuka upande wa pili.
Mto wenyewe ni khanga iliyokunjwa. Lakini nageuka.

Nilitafuta safu ya kugeuka upande wa pili.
Kulikuwa na umri, uzito, aina ya paa,
rangi ya mkojo kwa picha sita.
Nikaandika pembeni, herufi ndogo: hakunywa, amelala.
Jioni msimamizi akapiga simu. Namba kumi na tisa aondolewe,
anapindisha matokeo.

Siku ya kumi nilikusanya vikombe. Vilirudi thelathini.
Kimoja kilikuwa gengeni, kinapimia karanga.
Kingine nilikiona kwa mama mkwe wake Sechelela,
amekishika kwa mikono miwili, hakina kitu ndani.
Sikukidai.

Gari la maji lisingekuja kesho. Nilijua, na wao walijua,
hakuna aliyelitaja.
Sechelela alikuwa ameshatoa kata nje,
imeegemea ukuta na jembe dogo.
Akaniletea maji ya pampu kwenye bakuli la bati.
Kunywa, njia ni ndefu. Choo changu hakina kufuli.

Nikanywa lote. Chumvi ikabaki kwenye fizi.
Haya, akasema, na wewe ngapi?

Dereva alikuwa anapiga honi.
Nilipapasa mfuko, nikitafuta penseli,
kana kwamba jibu lilikuwa humo.