Taa ya Kijani, Naaldwijk

Ndani ya banda la vioo, Naaldwijk,
usiku una rangi ya zambarau iliyopondwa:
nyekundu na buluu, buluu na nyekundu,
diodi elfu kumi na mbili zikinyonyesha saladi.
Kijani hakikuwekwa. Mhandisi alipiga hesabu:
jani hukirudisha, nani alipie umeme wa kurudishwa?
Tena chipu ya kijani ni mvivu, alisema,
ukiilipa umeme inakupa chenji ya joto.

Bogna, wa zamu ya saa nne hadi alfajiri,
alikagua majani asiyoyaona.
Chini ya mwanga ule kila jani ni jeusi kama masizi,
zima na bovu ni pacha.
Kuvu ilipoingia safu ya tisa
aliijua kwa kidole: utelezi,
kisha harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndooni.
Trei mia nne zikaenda kwenye mboji.
Teunis, msimamizi, hakumgombeza. Alimtazama tu,
na uso wake nao ulikuwa wa zambarau.

Akitoka nje kuvuta sigara
macho yalidai haki yao:
theluji, ukuta, maziwa kikombeni,
kila cheupe kilimjia chanikiwiti,
cha uongo, cha dakika mbili,
kama mtu uliyemnyima chakula
akaja kula ndotoni mwako.

Machi wakaja mafundi na ngazi.
Kati ya macho mekundu na ya buluu
wakapachika jicho moja dogo,
nanomita mia tano na ishirini na tano.
Swichi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Zambarau ilipauka, ikawa karibu nyeupe,
na saladi zikarudi,
safu kwa safu, hadi mwisho wa banda,
kila moja na ubichi wake:
uliokolea, mchanga,
wenye umanjano pembeni kama mtu aliyekosa usingizi.

Teunis akauliza: Je?
Bogna hakumjibu. Alikuwa safu ya tatu,
ameinama, ameona doa
dogo kama punje ya mtama.
Akavua glavu alishike vizuri lile jani,
akaiona pete ya shaba aliyoivaa tangu Jumapili,
ya mama yake, iliyotumwa kwa posta ndani ya soksi,
na chini yake, kidoleni,
duara jembamba la kijani.

Akalikata jani.
Duara hakulisugua.