Nane juu ya Ishirini

Kazi yangu ni viti.
Kila Alhamisi ya kwanza, juu ya duka la dawa la Nyawera,
napanga kumi na viwili vya plastiki, vya kukodi.
Viwili vimepasuka mguu; navijua kwa alama ya chaki,
kimoja nakikalia mwenyewe.

Daftari la mahudhurio lina safu nne:
jina, kazi, anachokijua, anachokitafuta.
Ya tatu watu huijaza mpaka ukingoni.
Ya nne huiacha wazi,
kana kwamba kutafuta ni kukopa.

Mwaka mzima walikaa kama harusi isiyokubaliwa:
wa chuo dirishani, na tai zao, na "kwa mujibu wa";
wa kampuni karibu na mlango, simu mbili mbili
zikirukaruka mezani kama sambaza ndani ya beseni.
Katikati, mimi na birika.

Nsimire, anayeandika programu za mishahara ya hospitali,
aliniambia: Mama Mapendo, watu si waya,
huwezi kuwachuna ncha ukawasokota.
Mwezi uliofuata nikakodi viti sita tu
na benchi mbili ndefu za kanisa.

Lwaboshi alichelewa. Ana minara kumi na minne ya simu
na hakuwa na pa kukaa
ila kando ya Profesa Zihalirwa.
Aliitazama ile nafasi kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani.

"Profesa, hunikumbuki.
Ulinipatiaka nane juu ya ishirini. Mekanika ya udongo.
Nikaacha chuo, nikaenda kuuza vocha Feu Rouge."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Swali lilikuwa lipi?"
"Kwa nini mteremko wenye nyumba huteleza
kabla ya mteremko wenye migomba."
"Ukajibu?"
"Uzito."
"Uzito ni nusu. Nusu nyingine ni maji.
Nane ni haki yako."

Tukacheka, si wote.
Lwaboshi akatoa simu, akamwonyesha
mnara wake wa Buholo, umeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Mafundi wamekaza boliti mara tatu.

Profesa akaisogeza picha karibu, mbali, karibu.
Kisha akafungua mkoba uliokufa zipu,
uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akatoa mvua ya Kadutu:
kila asubuhi, saa moja kamili,
iliyopimwa kwa kopo la maziwa ya unga,
miaka ishirini na miwili.
Hakuna aliyewahi kuiomba.

Nsimire akahama benchi
bila mimi kumhamisha.
Akapitisha kidole gumba kwenye kurasa, kama anahesabu noti.
"Mnara una betri, uko juu, hulali.
Tuutundikie kopo linalojua kuhesabu,
wa chini ya mteremko wapigiwe simu usiku
kabla udongo haujabisha hodi."

Sisemi mji umepona.
Mvua ya jana imechukua ngazi za jirani yangu,
zote thelathini na moja.
Na wale wawili walibishana mpaka mlinzi akazima taa,
wakaendelea gizani, mmoja kwa Kifaransa, mmoja kwa Mashi,
nani alipe saruji.

Jumamosi tulipanda Buholo na timazi:
uzi wa nailoni, jiwe.
Upepo ukaliyumbisha. Tukasubiri litulie.
Profesa akasema, macho kwenye uzi:
"Kumi. Nakuongezea mbili kwa kurudi."
"Kumi tu?"
"Kumi inapita, kijana."

Alhamisi ijayo nimeagiza benchi nne,
kiti hata kimoja sitaki.
Mwenye viti ameniuliza, kwa upole,
kama chama chetu kimefilisika.