Kilo Mbili na Nusu, Bila Chaja

Mushagalusa amezipanga tatu juu ya meza ya kioo,
zimefunuliwa kama samaki waliopasuliwa.
"Zimefika juzi," anasema, "bado zina harufu ya kiwanda."
Mama anainama, ananusa kweli.
Ametoka soko la Kadutu, beseni tupu kwapani,
magamba ya sambaza yakimeta kwenye kucha.

Ya kwanza ina skrini pana kama sinia la arusi.
Kadi ya picha ya kizazi kipya, kumbukumbu giga sitini na nne,
feni mbili zinazovuma kama kinu cha mihogo.
Chaja yake peke yake ni tofali.
Ninaliinua, ninalirudisha.
Mwenye kupanda ngazi za udongo hadi Funu ni mimi,
si yule aliyeandika sifa kwenye boksi.

Ya pili ni nyembamba, unaweza kuipitisha chini ya mlango.
Rangi zake! Nyanya ni nyanya, damu ni damu.
"Ila kumbukumbu imechomelewa," Mushagalusa anakiri
kwa sauti ya mtu anayetaja kifafa cha bibi harusi.
Ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika.

Ya tatu haina sura.
Kijivu cha sufuria, imenenepa kiunoni,
lakini mgongo wake unafunguka kwa bisibisi ya kawaida:
nafasi mbili za kumbukumbu, mbili za diski,
na betri unayoitoa mwenyewe bila kuvuka mpaka kutafuta fundi.
Ninaipenda kama unavyompenda mtu
anayejibu swali ulilomuuliza.

"Inakula umeme kiasi gani?" Mama anauliza.
Anajua pa kubonyeza. Kwetu umeme ni mgeni
asiyemaliza chai.

Ninatoa diski mfukoni. Ndani yake mna kilima:
nukta milioni arobaini, zilizookotwa na droni
asubuhi moja isiyo na ukungu, korongo lote chini ya Funu.
Kazi yangu ni kuuuliza udongo unakusudia nini.

Ya kwanza inakimeza kilima kabla sijakaa.
Ya pili inaanza vizuri, inapata joto,
inasitasita kama mtoto anayesahau shairi mbele ya darasa.
Ya tatu inakwenda tabaka kwa tabaka,
mabonde,
njia za maji,
halafu mabati, moja, moja, moja,
na Mama anaacha kuhesabu noti.

"Hapo si kwa Nsimire? Na ule mparachichi?
Na hili paa lenye tairi juu yake?"

Letu.

Mteremko ule nimeupaka nyekundu.
Nilikuwa sijamwambia.

Feni tu ndiyo inayosema.
Mushagalusa anachukua kitambaa, anafuta kioo kisicho na vumbi.
"Nyekundu ni nini?"
"Ni mahali pa kuangalia," ninasema,
uongo wa ukubwa wa wastani,
na Mama, aliyepimia watu sambaza kwa kopo miaka ishirini na saba,
anajua kopo lililobonyezwa chini.

Hapigi kelele. Anafungua fundo la kitenge,
anaweka dola za makundi mawili mezani, anauliza:
"Ipi utaweza kukimbia nayo?"

Orodha yangu ilikuwa na viini, masafa, milango ya waya,
saa za betri, dhamana ya miaka mitatu.
Hilo halikuwamo.
Ninazipima upya, kwa mkono, macho nimefumba,
huku Mushagalusa akishusha bei ya ile ya kwanza
bila kuombwa.

Tunatoka na ile ya kijivu.
Mama hataki kusikia habari ya begi:
anailaza ndani ya beseni, juu ya kitambaa cha sambaza,
anaitwika, anatangulia kupanda,
wala hashiki kwa mkono.
Mimi ninafuata nyuma na chaja,
nikitazama nyayo zake,
na ufa mdogo kando ya ngazi
ambao wiki iliyopita, ninaapa, ulikuwa mfupi zaidi.