Mtoto wa Jicho

Siku ya tatu. Nalala nimekaa,
mito mitatu mgongoni, kama abiria wa basi la usiku
asiyejua atashuka wapi.
Pakiti ya njegere za barafu usoni,
dakika kumi naiweka, dakika kumi naitoa,
Wakio ananihesabia kwa simu yake.
Kesho tutazipika hizi, asema,
zimekutazama vya kutosha.

Kwenye kioo cha bafu yuko mwanamke
aliyepigana sokoni akashindwa.
Zambarau, kijani, manjano ya embe lililooza,
na juu ya kila jicho mstari wa nyuzi nyeusi
kama pindo la sketi ya shule
lililoshonwa haraka Jumapili usiku.

Macho hayana pazia, husema wahenga.
Wahenga hawakuyaona yangu.
Kope zilishuka mwaka baada ya mwaka
hadi nikawa nasoma mafaili ya korti kwa kuinua nyusi,
hadi hakimu akaniuliza mbele za watu:
"Karani, tumekuamsha?"
Wakacheka. Hata mshtakiwa alicheka.

Huo ndio ukweli. Sio niliousema.
Hapa Pangani, ghorofa ya tatu, nilisema: mtoto wa jicho.
Ugonjwa wenye heshima, haumfanyi mtu achekwe.
Nikausema ofisini,
nikauandika kwenye fomu ya likizo kwa herufi kubwa.
Na leo asubuhi Mama Ondieki
amepanda ngazi kwa magoti yake mabovu
akaniletea supu ya miguu ya ng'ombe
na noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne,
mchango wa ngazi nzima.
"Mungu akurudishie nuru," akasema,
akanishika mkono akidhani simwoni.
Nilimwona. Nilihesabu hata vifungo vya sweta yake.
Kimoja hakipo.

Mchana stima ikapotea.
Nikapaka marhamu kama walivyoniagiza kliniki,
na dunia ikafunga ukungu:
dirisha likawa shuka,
jirani anayeanika nguo ng'ambo akawa rangi tu,
rangi inayoinama na kuinuka.

Hapo ndipo mama alipoingia.

Hakubisha hodi. Alikuja kama alivyozoea, kwa vidole:
ukuta, kabati, ukingo wa meza,
bega langu.
Mama yangu Mkamburi, mwenye mtoto wa jicho wa kweli,
macho yote mawili, kule Mgange,
nami nikimwambia mwezi ujao, mama,
nikimaliza ada, mama,
na mtoto yule kumbe anakua.
Mwisho alinitambua kwa mlio wa viatu.

Akapapasa nyuzi zangu, jicho la kulia, jicho la kushoto,
kama alivyokuwa akikagua msuko wa kikapu
kabla ya kukipeleka gulioni.
Nikangoja aseme umeshonwa vizuri.
Nikangoja aulize bei.

Daktari alikataza kuinama,
akakataza kubeba ndoo, kusugua, kupaka wanja.
Kulia hakukutaja. Labda alisahau.
Chumvi hupita kwenye mshono
kama ndimu kwenye mchubuko.

Jioni stima imerudi, friji imeguna,
njegere zimeshayeyuka, nimezibandika jikoni.
Mia tano iko chini ya kopo la chumvi.
Kuila siwezi. Kuirudisha
ni kuanza kueleza.

Katika bati la biskuti, kati ya zipu na vishikizo,
nimepata kifungo cha kahawia
kinachokaribia kufanana na vile vyake.
Nikachukua sindano.
Uzi ukapita tunduni mara ya kwanza,
nyusi zangu zimetulia mahali pake.

Sasa ninao mkononi, uzi na sindano,
na ngazi ni kumi na mbili tu kushuka kwake,
na bado sijapata
neno la kuanzia.