Mshale Mvivu

Nilifika karakana ya Kampemba na cheti
kilichofunikwa nailoni, muhuri bado unanukia wino.
Siku tano za mafunzo ukumbini, viti vyenye mito,
mwalimu akichora mota ubaoni kama yai lililopasuliwa.
Niliandika yote. Hata kikohozi chake nusura nikiandike.

Wiki tatu nikala mkate wangu ngazini,
wao ndani wameizunguka sinia ya bukari.
Waliniita Mama Kalamu.
Jina langu ni Mwadi. Hakuna aliyeuliza.

Waya niliusuka vizuri, mizunguko sitini na minne,
nikaupaka vanishi, nikauingiza tanurini
kwa digrii mia na thelathini, kitabu kilivyosema.
Ukatoka mweusi kama sufuria ya msibani.
Mota ya kinu cha mtu wa Katuba, watoto wake wanausubiri unga.
Kapend alitazama. Twite alitazama.
Walijua. Na mgongo wangu ulijua kwamba wanajua.

Kesho yake Musau akasogeza beseni kwa mguu:
"Wewe, njoo unawe."
Tomsoni wa kukaanga, sombe, pilipili ya kuliza.
Na katikati ya tonge, bila kunitazama:
"Ule mshale ni mvivu. Ukisoma mia, ndani kumeshafika mia na thelathini.
Tangu siku ile umeme uliporudi na hasira."
Hivyo tu. Akaomba chumvi.

Kumbe yote yalikuwa yanakaa pale, ubavuni mwa samaki:
mteja gani halipi, nyundo gani huchomoka kichwa,
mota inayokaribia kufa inalia vipi
(kama mtu anayemeza uongo, alisema Kapend).
Nami nikalipa. Nikamwonyesha Twite hesabu ya mizunguko
kwenye karatasi, asifumue tena waya mzima akibahatisha.
Alinuna nusu siku. Kisha akaazima kalamu.
Hajairudisha.

Kufika Juni, mota nne za wiki zilikuwa tisa.
Patroni akaleta fomu: *Eleza sababu ya ongezeko.*
Niliandika "mafunzo", na ni kweli.
Nilitaka kuongeza "tomsoni", kisanduku kikajaa.

Leo ameingia kijana, nailoni inang'aa kwapani.
Amekaa ngazini, palepale pangu, anafungua mkate.
Kapend ameshamtafutia jina.
Tanuri limewashwa.
Nami, Mungu anisamehe, nimemeza matonge mawili
kabla mguu wangu haujalikumbuka beseni.